Orodha ya Wapasua Mbao

Sijui alizaliwa mlima gani, na hata ningejua nisingeandika hapa. Katika miaka ninayoikumbuka, ukimuuliza mtu anatoka mlima gani alianza kwanza kutazama mlango uko wapi, maana jina la mlima lilitosha kumweka upande mmoja wa vita. Tulimwita Agronome, kwa sababu Bujumbura kila mtu wa ofisi anayejua habari za mimea huitwa hivyo, ingawa yeye mahindi na maharage hayakumhusu. Kazi yake ilikuwa miti. Mimi nilikuwa sekretere wake, msichana wa Buyenzi mwenye kitambaa kichwani na mashine ya kuandika iliyokuwa ikiruka herufi moja. Ofisi yetu ilikuwa Rohero, katikati ya mji, vyumba viwili ghorofani, na kwa miaka minne sikumwamini hata siku moja.

Mradi wenyewe ulikuwa ushirikiano wa utafiti kati ya maabara ya hapa na chuo kimoja cha Ulaya. Kwenye karatasi ulikuwa na jina refu, lenye maneno kama kuwajengea wadau uwezo na misitu endelevu ndani yake. Kwa maneno ya nyumbani ni hivi: wageni walitaka kujua miti ya milima iliyouzunguka mji itaisha lini, na ni nani wa kuizuia isiishe. Agronome aliwajibu kwamba watakaoizuia ni hao hao wanaoikata. Basi akawa anawaita mjini wapasua mbao, wachoma makaa, akina mama wanaootesha miche, na maseremala wa kwetu Buyenzi, wakae chumba kimoja wafundishane. Hayo aliyataka wakati wa vita, wakati ambapo watu wa mitaa miwili jirani walikuwa hawapitiani uani.

Alikuwa mwembamba, mwenye koti la kahawia ambalo mifuko yake ilijaa mbegu, na alikuwa na jibu moja kwa maswali yote: "Ni nani anauliza?" Ukimuuliza saa, atakuuliza ni nani anauliza. Siku moja nilimwambia kuna simu, mtu anataka kujua kama yuko ofisini. Akasema, "Ni nani anauliza?" Nikamtajia. Akasema, "Mwambie sijafika," naye huku anavua koti. Baadaye nikagundua kuwa aliyepiga alikuwa dada yake wa tumbo moja.

Hakuna aliyejua anakolala. Alikuwa amepanga chumba Nyakabiga, lakini mwenye nyumba alinieleza kwamba kitanda kilikaa wiki nzima hakijaguswa. Asubuhi alikuja kutoka upande huu, kesho kutoka upande ule. Mchana alifungua kopo lenye kiazi kitamu kilichochemshwa, akakikata katikati, akanisogezea nichague kipande. Mwanzoni niliona ni adabu. Baadaye, nilipokwisha kumshuku, nikajiuliza kwa nini lazima mimi ndiye nianze kuchagua, mpaka nikajicheka, maana kiazi ni chake na kisu ni chake. Lakini ndivyo tulivyokuwa tunaishi. Hata kiazi tulikigeuza mara mbili.

Kilichowatisha watu zaidi ni pua yake. Marehemu baba yangu alikuwa seremala, na siku moja Agronome alipita karakanani kumwalika kwenye mafunzo. Kabla ya kuketi aliuinua ubao uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akaunusa.

"Hii ni musave," alisema. "Imetoka juu ya Kanyosha, upande wa mto. Wameikata ingali changa, na wameipasua kabla haijakauka. Nani alikuletea?"

Baba alitabasamu kwa mdomo tu. "Mi nilinunua mu soko, bwana. Mu soko hatuulizane majina."

"Nataka nimufundishe asikate ndogo."

"Inshallah ukimuona utamufundisha."

Alipoondoka, baba aliufunika ubao ule kwa gunia. "Binti yangu," alisema, "ule mutu umuchunge. Mutu mwenye kujua ubao umetoka wapi, anajua na njia yenye ulipitia." Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Ubao wa kutoka juu ya Kanyosha siku hizo ulikuwa umepita mikononi mwa watu wa porini wenye bunduki, kisha kwenye vizuizi vya askari. Aliyeubeba alikuwa ameongea na pande mbili, na kila upande ungependa kujua aliongea nini na ule mwingine.

Kwa hiyo kila mtu alikuwa na sababu yake. Vijana wa Nyakabiga walimshuku kwa kuwa anapanda milimani na kurudi mzima. Watu wa milimani walimshuku kwa kuwa analala mjini. Wafadhili walimshuku kwa kuwa picha zake za mafunzo zilipigwa siku zote kutoka nyuma, unaona visogo na kofia tu. Mimi nilimshuku kwa sababu zote hizo, na nyingine moja nitakayoieleza.

Lakini darasani alikuwa mtu mwingine, na hili ndilo lililonichanganya. Hakuwa na fimbo wala ubao wa kuandikia. Alikaa kwenye benchi kati ya watu, akasema, "Nifundisheni." Kwenye mafunzo ya kwanza kabisa, katika ukumbi wa shule moja Nyakabiga, aliwasimamisha wapasua mbao wawili waliokuwa wakifanya kazi pamoja tangu ujana. Msumeno wa kupasulia ni mrefu, mmoja hushika juu ya gogo na mwenziwe huvuta kutoka chini. Sisi tukawaita Wa Juu na Wa Chini, na majina yakawaganda. Wa Chini alikuwa na macho mekundu kwa unga wa mbao uliomwangukia miaka yote, na alicheka kirahisi. Alimwonyesha yule mtafiti wa Ulaya, mama mrefu tuliyemwita Profeseri, jinsi ya kuvuta bila kusukuma.

"Mama, usishindane na mwenzako," alimwambia, nami nikatafsiri kwa Kifaransa. "Yeye akivuta, we uachilie. Akiachilia, we uvute."

Profeseri alitoka malengelenge mikononi, akafurahi kama mtoto. Siku tatu zile tulijifunza mengi: kwamba wachoma makaa wanapoteza nusu ya mti kwa tanuri lililozibwa vibaya, kwamba ukiacha miti mikubwa michache kila upande, mlima unajiotesha wenyewe, kwamba mpasua mbao anayejua kupanga gogo lake anapata mbao mbili zaidi na mti mmoja unapona. Watu waliokuwa wamekaa makundi makundi siku ya kwanza, siku ya tatu walikuwa wanabishana juu ya mikaratusi, na ubishi wenyewe ulikuwa juu ya mikaratusi kweli.

Kisha wakasaini orodha.

Profeseri alihitaji orodha. Bila orodha, alisema, chuo chake hakiwezi kuthibitisha kwamba watu walifundishwa, na hakutakuwa na awamu ya pili. Ilikuwa na safu tano: jina, kazi, komini yaani tarafa, mlima, sahihi. Agronome aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, akamwomba safu ya mlima iondolewe. Profeseri alisema haiwezekani, utafiti unataka kujua watu wanatoka msitu gani. Yeye aliongea kama mtu asiyeona ubaya, na kweli hakuuona. Nikaandika kwa mashine majina thelathini na moja, nakala tatu, wakasaini, na Profeseri akaondoka na moja kwenye ndege.

Haikupita wiki mbili, Wa Juu na Wa Chini walisimamishwa kwenye bariyeri ya askari, njia ya kusini. Walikuwa katika msafara wa watu saba waliobeba mbao. Watano walipitishwa. Wao wawili waliitwa kwa majina yao kamili.

Habari hiyo ilifika ofisini kabla ya adhuhuri. Agronome aliisikiliza akiwa amesimama, akakaa, akasimama tena. Kesho yake mchana nilimwona kutoka dirishani akiwa ng'ambo ya barabara na mwanamume mnene mwenye miwani, ambaye mji mzima ulimjua ni mtu wa kupeleka habari kwa wakubwa. Agronome alimpa bahasha. Yule mtu akaiweka kwenye shati, wakaachana bila kupeana mkono.

Hiyo ndiyo sababu yangu. Niliyaona kwa macho yangu. Nikasema moyoni: ndiye.

Wa Juu aliachiliwa baada ya siku ishirini na kitu, kidole kimoja hakikunji. Wa Chini hakurudi. Mke wake alizunguka kila mahali anapoweza kuzunguka mwanamke mwenye watoto watatu, na kila mahali aliambiwa hakuna mtu wa jina hilo.

Tangu hapo Agronome akawa ananisimamia ninapoandika. Nikimaliza ukurasa, anachukua karatasi ya kaboni kwa vidole viwili, anaiangalia kwenye mwanga, halafu anaichoma kwenye kopo la maziwa. Kabati alilifunga, ufunguo akauning'iniza shingoni. Niliona wazi kuwa anaficha nyayo zake. Ningeacha kazi, lakini ofisi zilizokuwa bado zinaajiri zilikuwa chache, na baba macho yalikuwa yameanza kufifia. Tukaendelea kukata kiazi na kula bila kutazamana.

Alipotangaza mafunzo ya pili walikuja watu wanne. Ya tatu, wanane. Aliwafuata wengine mmoja mmoja, kwa miguu, siku za embargo, nchi jirani zilipotufungia mipaka, ambapo petroli ilikuwa ya kutafutwa kama dawa. Sijui aliwaambia nini. Ukumbi ukaanza kujaa. Halafu ikaja siku ya kuandika orodha.

"Andika," alisema, macho yakiwa darini. Akaanza kuyataja majina, pamoja na kazi, komini na mlima, kwa haraka kama mtu anayesoma. Niliandika matano, nikaacha. Watu wa ukumbini nilikuwa nawafahamu sasa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na jina lile.

"Hawa ni nani?"

"Ni nani anauliza?"

"Sekretere anauliza."

"Basi mwambie sekretere aandike."

Nikaandika. Nikajua sasa mbali ya yote ni mwongo pia. Na nadhani huko Ulaya walifikiri hivyo hivyo, maana hazikupita siku nyingi ikaja barua kwamba Profeseri anakuja kuwaona wanafunzi kwa macho yake, na angependa kuwaita kwa orodha.

Siku hiyo nilikaa mbele, karibu na dirisha, nikiwa nimejiandaa kuona akiumbuka. Watu thelathini hivi kwenye mabenchi. Wa Juu alikuwa karibu na mlango. Alikuwa amerudi kwenye mafunzo kimya kimya, sikuelewa kwa nini. Agronome alisimama ukutani, mikono mifukoni, akizungusha mbegu zake. Ugeni aliujua kwa simu, lakini habari ya kuitwa majina hakuwa ameambiwa; barua niliyoifungua ilikuwa mezani kwangu tangu jana yake. Ndiyo, sikumpa. Nilitaka ashtukizwe.

Profeseri alifungua faili. "Nduwimana."

Kimya.

"Nzeyimana."

Kimya. Nje mtu alikuwa akipiga misumari bati. Profeseri akavua miwani, akamtazama Agronome. Yeye aliangalia chini. Kisha benchi la karibu na mlango likalia, na Wa Juu akasimama taratibu, ule mkono wenye kidole kibovu ameushika kwa mwingine.

"Nzeyimana ni mi," alisema. "Niko."

Baada yake akasimama mchoma makaa mmoja. "Nduwimana. Samahani Mama, sikio langu ni zito."

Na hapo wote wakaelewa. Jina likiitwa, mtu anasimama. "Niko." "Niko." Likaitwa jina la Bukuru, akainuka bibi mmoja wa kuotesha miche. Kwa bahati mbaya Profeseri alikuwa ameishajua kwamba Bukuru ni jina la pacha mkubwa. Akauliza kwa upole, "Na pacha wako yuko wapi?"

Bibi alizungusha macho ukumbini, akanyoosha kidole kwa seremala wa Buyenzi, kofia nyeupe kichwani, ndevu mpaka kifuani, kwa rangi na sura hawakaribiani kabisa. "Yule pale."

Seremala akasimama. "Niko, dada."

Hakuna aliyecheka. Sijapata kuona watu thelathini wakizuia kicheko namna ile, mabenchi yalitetemeka. Profeseri alimtazama bibi, akamtazama seremala, akaangalia orodha yake mpaka nikadhani amesahau tuko hapo. Halafu akamwuliza Agronome kwa Kifaransa, sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu:

"Watu hawa ni wa kweli?"

"Watu ni wa kweli," alijibu.

Profeseri akafunga faili, akasaini. Usiku ule ule angeweza kuandika ripoti ya kutuzika, hakuandika. Awamu ya pili ikaja, na ya tatu.

Mimi je? Nilibaki na shaka yangu. Nilijiambia kwamba mtu mwenye ujanja wa kutunga majina ana ujanja wa kuuza ya kweli pia. Hata wema wake niliuweka upande wa hesabu mbaya: anajitakasa. Mradi ulipokwisha tuliagana mlangoni, akanipa konzi ya mbegu za grevilea nilizozimwaga kwenye ngazi.

Vita ilikuwa imetulia, mitaa imeanza kupitiana tena, nilipomkuta Wa Juu amefungua duka dogo la mbao. Tulizungumza, nikamtaja Agronome kwa jinsi nilivyozoea kumtaja, pamoja na ile bahasha. Akanikatisha.

"Dada, we unamusema hivyo? Ile bahasha uliyoiona ilikuwa barua ya kututoa. Aliiandika mwenyewe usiku kwa mashine yako, akapiga muhuri wa mradi, akaandika yeye ni mudhamini wetu. Mi nilisomewa ile barua ndani. Walitaka kumukamata na yeye. Kwangu ilifika kwa wakati. Kwa mwenzangu ilichelewa siku moja."

Nililala vibaya siku nyingi. Mwishowe nikaulizia, nikaambiwa yuko Kanyosha, ana kitalu cha miche karibu na mto. Nikanunua kilo mbili za sukari, nikaenda kumwomba msamaha.

Nilimkuta asubuhi, amechuchumaa katikati ya vifuko vya udongo, kichwa kimekuwa cheupe. Alinitambua mara moja. Hakuinuka, na sukari hakuipokea mkononi. Alinionyesha jiwe, nikaiweka pale.

"Muzee," nilisema, "nimekuja kukuomba samahani. Miaka ile yote nilikuwa nakushuku we ndiye uliwapeleka wale wawili. Wa Juu amenieleza."

"Na mi nilikuwa nakushuku we," alisema.

Aliendelea kung'oa magugu kwenye vifuko. Nilidhani anatania. Hakuwa mtu wa utani.

"Waliitwa kwa majina kamili," alisema. "Majina kamili yalikuwa kwenye orodha. Orodha ilikuwa nakala tatu. Moja ilipanda ndege. Moja nilikuwa nayo, sikuachana nayo hata nikilala. Ya tatu ilikuwa kabatini, niliikuta. Kaboni nilizikuta mbili, zote mbili. Nikabaki na mutu mumoja tu aliyeyaandika yale majina. Nilikuangalia miaka minne, Sekretere. Sikuona kitu. Lakini sikuacha kukuangalia."

Nilifungua kinywa kusema wallahi. Kabla sijalitamka nikakumbuka nakala ya nne.

Nilikosea. Siku ile nilipokuwa naandika orodha ya kwanza, nilifika jina la ishirini na kitu nikaona nimekosea kichwa cha ukurasa, nimeandika komini isiyo yenyewe. Nikauchomoa, majina ya wale wawili tayari juu yake, nikauminya, nikautupa kwenye kikapu, nikaanza upya. Na kikapu cha ofisi kila Ijumaa nilimpelekea mama yangu mdogo. Alikuwa anauza karanga, na karatasi nzuri za ofisi alizikunja vifuko. Alikuwa anauzia njia ya kusini, hatua chache kutoka kwenye bariyeri, kwa kuwa askari ndio waliokuwa na njaa ya karanga kutwa nzima.

Nilimwambia. Nilimwambia vyote, nimesimama kati ya miche, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Ulijua?" aliuliza.

"Apana."

"Ulijua?" aliuliza tena, sasa ananitazama.

"Apana, Muzee. Nimejua sasa hivi, hapa."

Alinitazama mpaka nikataka kukimbia. Kisha akanawa mikono kwenye debe, akaifuta kwenye suruali.

"Mke wa Wa Chini anakaa pale juu, ile nyumba ya bati jipya," alisema. "Kila mvua anakuja kuchukua miche. Kila mvua ananiuliza ni nani aliyemupeleka mume wake. Namujibu sijui. Nilikuwa na jina lako mu kinywa, lakini sikuwa na ushahidi, na jina la mutu silitoi bila ushahidi. Leo utamwambia we, ao nimwambie mi?"

"Nitamwambia mi."

"Tangulia."

Alifunga kitalu kwa kipande cha waya, akanifuata. Hakutembea nami. Alibaki hatua kumi nyuma yangu kilima chote, na niligeuka mara mbili nikamwona amesimama, anasubiri niendelee. Nilijua anahofia nitapitiliza ile nyumba. Alikuwa na haki. Nilipofika karibu miguu ilitaka kupitiliza.

"Hodi."

Mwanamke alitoka akiwa na unga wa muhogo mikononi. Alinitazama, akatazama nyuma yangu. Nilimwambia mimi ndiye niliyeandika orodha ya mafunzo, na kwamba naomba nikae nimweleze. Akanipa kigoda, naye akakaa kizingitini. Agronome hakukaa. Alibaki amesimama uani, akisikiliza kila neno kama mtu anayelinganisha na alilolisikia kwanza, mpaka nikamaliza.

Mwanamke hakunikatisha hata mara moja. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika. Alipozungumza aliuliza kitu kimoja tu.

"Mama yako mudogo bado yuko?"

"Alishafariki, mama."

Alitikisa kichwa. Alisugua unga uliokauka kwenye vidole. Halafu akamgeukia Agronome.

"Kumbe," alimwambia. "Miaka yote hii nikija kwako kuchukua miche, mi nilikuwa najua ni we."

"Najua," alisema Agronome.

Ndipo akavuta kigoda kingine, akakaa.